Mtoto hakuugua korona, mbona atolewe damu?

Dada yangu wa Langoni, umeuliza kama ukubali mwanao wa miaka 7 atolewe damu na watafiti wanaopima kingamwili za korona (protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na virusi), ilhali hakupata hata mafua. Mimi ningekubali, ila kwa masharti.

Kutougua kwake ndiyo sababu yenyewe. Watoto wengi huambukizwa bila dalili, au kwa kikohozi cha siku mbili, na nani atampeleka mtoto wa hivyo kupimwa puani? Kingamwili hubaki damuni kwa miezi, kama nyayo mchangani baada ya mtu kupita. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi walipima damu ya wachangiaji, wakakuta walioambukizwa ni wengi mno kuliko waliohesabiwa. Lakini mtoto wa miaka 7 hachangii damu, kwa hiyo wa rika lake hawakuonekana humo.

Usichanganye, kipimo hiki hakisemi kama ana korona leo. Kingamwili huchukua wiki moja hadi tatu kuonekana. Na zikionekana si hirizi. Aweza kuambukizwa tena.

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, waulize watafiti hao watachukua mililita ngapi, watarudi mara ngapi (kufuatilia maana yake ni kumdunga tena baadaye), na kama utapewa majibu. Una haki ya kumtoa katika utafiti wakati wowote, na asinyimwe matibabu kwa hilo.

Siku hiyo mpe chai na mahamri yake kama kawaida. Kipimo hiki hakitaki kufunga.