Jibu: Wanaimba rangi lakini hawazitambui

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wako wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hapo Kisumu wanaimba majina ya rangi vizuri, ila ukiinua kitu wanabahatisha. Wimbo umewapa maneno bila vitu. Anza upya na rangi mbili tu, nyekundu na manjano, wiki nzima. Buluu na kijani usizifundishe pamoja, huchanganywa sana.

Tunga hadithi ya kurasa 4: Atieno anaenda soko la Kibuye na kikapu. Kila ukurasa sentensi moja, kitu kimoja: "Atieno ananunua nyanya nyekundu." Paka rangi nyanya pekee, mengine yabaki michoro ya penseli. Ukipaka ukurasa mzima, mtoto hajui atazame wapi.

Shida kubwa iko kwenye ngeli, na walimu wengi huisahau. Kitabu chekundu, ua jekundu, mpira mwekundu: kwa mtoto wa miaka minne hayo ni maneno matatu. Kwa hiyo vitu vya mwanzo viwe vya ngeli moja: nyanya, pilipili, kalamu, nguo. Manjano haisumbui, ndizi ya manjano, embe la manjano, neno lenyewe halibadiliki.

Siku ya tatu funika neno la rangi kwa kidole, walitaje wenyewe. Kisha wape vifuniko 10 vya chupa wavitenge kwa rangi kwenye mabakuli mawili.

Atakayeendelea kuchanganya nyekundu na kijani baada ya wiki kadhaa, hasa mvulana, usimkaripie, huenda macho yake hayatofautishi rangi hizo. Mshauri mzazi ampeleke mtoto apimwe macho.