Ampli yangu inavuma "vuuum": kweli transfo imeungua?

SWALI: Jambo Papa Fundi, mi niko Bukavu, Kadutu. Tuko na ampli ya zamani na bafle mbili, ilikuwa inaimba muzuri kabisa, kiisha tukaweka dekoda na ile sahani ya juu ya mabati, tukapitisha sauti ku ampli, toka siku ile ni vuuum tu hata kama televizyo imezimwa. Umeme ukikatika tunawasha ku konvertiseri (ile inageuza umeme wa batri kuwa kama wa nyumba) na batri, na hapo kelele inageuka zzzzz. Fundi wa mtaani anasema transfo imeungua, tumuachie ampli na dola 40. Bwana yangu anapiga gita ya besi mu kwaya, hii kelele inamusumbua sana. Tumupe?

JIBU: Jambo mama. Hapana, usimupe kwanza. Transfo (ile inageuza nguvu ya umeme mbele iingie mu ampli) ikiungua mara mingi ampli haiwake kabisa, ao fyuzi inakatika kila ukiwasha, ao unasikia harufu ya kuungua, lakini ya kwako inawaka na inaimba, na wewe mwenyewe umeandika kama kelele ilianza siku dekoda iliingia, basi njo pa kuanzia.

Zima ampli, chomoa kamba zote za nyuma za sauti, acha bafle peke yake, kiisha washa. (Kugeuza tu kile kifungo cha kuchagua haitoshi, sababu ile waya ya nje ya kamba inabakiaka imeshikana na ampli.) Kama kimya imerudi, ampli yako ni nzima. Zima tena, rudisha kamba ya dekoda, na kama vuuum inarudi, fungua ile kamba ya sahani nyuma ya dekoda. Ikinyamaza hapo tumeipata: sahani imeshikana na chuma ya nyumba, ampli nayo inashika chini kwa njia ingine, umeme kidogo unazunguka kati ya zile njia mbili ukipitia mu kamba ya sauti, na bafle inauimba. Chomeka televizyo, dekoda na ampli ku multiprizi moja, mara mingine hiyo peke yake inatosha. Ikibaki, tafuta katransfo kadogo ka sauti ka kutenganisha, kanawekwa katikati ya dekoda na ampli, hakahitaji umeme.

Nakuomba sana mama, mtu asikuambie ukate ule mguu wa tera wa fishi (ule unapeleka umeme uliopotea chini ku udongo) ili kelele iishe. Itaisha kweli, lakini siku waya ikigusa chuma ya ndani, mtoto akishika ile ampli anaweza kufa.

Kama kelele inabaki na kamba zote zimechomolewa, na haibadilike hata ukishusha volimu mpaka sifuri, hapo nakubali ni ya ndani, na mara mingi si transfo, ni kondansateri kubwa za filtre (zile zinalainisha umeme ndani ya ampli) ambazo zimezeeka. Bwana yako anaweza kutusaidia na masikio yake! Umeme wetu ni wa 50 Hz (mitetemo 50 kila sekunde), na kondansateri ikichoka kelele inakuwaka ya 100 Hz, karibu kabisa na ile kamba ya sol ya besi bila kubonyeza, yenye iko 98 Hz. Ile ya sahani mara mingi inakuwa oktavi moja chini, kidole ku kaze ya tatu (nafasi ya tatu ku shingo ya gita) ya kamba ya mi. Apige, alinganishe. Lakini asifungue ampli yeye mwenyewe, kondansateri zinabakiaka na umeme hata fishi imetoka.

Ile zzzzz ni mambo ingine. Konvertiseri za bei ya chini hazitoe wimbi laini, zinatoa la ngazi-ngazi, na zile kona zinaingia mu sauti. Weka konvertiseri mbali na ampli, kamba za sauti zisilale pamoja na za umeme, zikikutana zipitane kama msalaba. Itapunguza, haitaisha yote, mpaka siku mutapata konvertiseri ya sinus pire, yenye kutoa lile wimbi laini.

Na simu msiiweke juu ya ampli, ile tirr-tirr-tirr mbele ya simu kulia ni yenyewe.

Jaribu leo jioni umeme ukiwa, kiisha uniandikie ni kamba gani ilinyamazisha.