Kabla hujachagua chuo, mtafute aliyemaliza juzi

Mwezi uliopita niliitwa Kisumu kwa kikao cha familia. Nikadhani ni matanga au ni mambo ya shamba, maana hayo mawili ndiyo yanayonitoa Nakuru katikati ya mwezi. Kumbe ni chuo. Binti wa ndugu yangu alipata B kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni, ilikuwa imebakisha siku chache ifungwe, na wazee walikuwa wamekwama.

Nilipofika Migosi, mtaa wa Kisumu anakokaa ndugu yangu, nilikuta sebule ina kambi mbili. Ndugu yangu alitaka Maseno, kilomita 25 hivi kutoka mjini, ili mtoto awe anarudi nyumbani kila Jumamosi. Mjomba wa mtoto alitaka Egerton kwa kuwa alisoma huko, na alikuwa amevaa fulana ya chuo iliyopauka hadi maandishi yanasomeka nusu. Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni akipasha samaki moto. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Maseno ndiyo iliyomtoa Jaramogi," ndugu yangu akasema, kana kwamba amemaliza kesi.

Nikamrekebisha taratibu, maana ni mkubwa wangu. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alisoma Shule ya Maseno, ile ya wamishonari iliyoanzishwa 1906. Baba yake Obama alipita shule hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Maseno kilianza 1990 kikiwa chini ya Chuo cha Moi, na kikajitegemea miaka kumi hivi baadaye. Wanatumia jina moja na barabara moja, lakini ni majirani tu. Mjomba akacheka, nami nikamgeukia, kwa sababu naye alikuwa ametamba kwamba Egerton iko tangu 1939. Ni kweli iko, ila mwaka huo ilikuwa shule ya kilimo ya Lord Egerton wa Tatton pale Njoro, ya kufundisha vijana wa Kizungu kulima. Chuo kikuu kilipatikana 1987. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanajivunia watu ambao hawatapokea simu ya mtoto huyu hata siku moja.

Mimi nilikuwa na ujinga huo huo. Enzi zetu JAB, bodi iliyokuwa ikiwapangia wanafunzi vyuo kabla ya KUCCPS, ndiyo iliyotugawa, nami nikatupwa mbali na nyumbani kusomea sayansi ya chakula. Chuo sikitaji, kwa sababu nikikitaja nusu yenu mtaacha kusoma na kuanza kubishana. Wakati huo nilifurahia jambo moja tu, kwamba kilikuwa na jina na kwamba wakubwa fulani walitoka pale. Nikajua kazi itanifuata.

Kwanza haikunifuata hata karatasi. Alama za somo langu moja la mwaka wa nne zilipotea, jina langu halikuwa kwenye orodha ya mahafali, na nikakaa karibu mwaka mzima nikipanda ngazi za ofisi moja kwenda nyingine. Kila ofisi ilinielekeza kwa ile niliyotoka. Zilipopatikana, nikajiunga na chama cha wahitimu. Nikalipia karamu kwenye hoteli, pesa nilizokopa kwa dada. Tukasikiliza hotuba tatu, tukapigwa picha, tukapewa mfuko wa kitambaa wenye nembo. Niligawa nakala 11 za wasifu wangu usiku ule. Moja niliiona kabla sijaondoka, imewekwa chini ya kikombe cha chai ili kisichafue kitambaa cha meza.

Nilikaa nyumbani miezi 14.

Simu iliyonitoa ilipigwa na dada mmoja aliyekuwa mwaka mmoja mbele yangu chuoni. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tunatumia meza moja ya maabara jioni, darasa lao likituachia zamu, au sisi tukichelewa na wao wakisubiri. Alikuwa amekuwa msimamizi wa maabara kwenye kiwanda cha maziwa huku Nakuru, na mtu wake wa zamu ya alfajiri alikuwa ameacha kazi ghafla. Hakuuliza nilipata daraja gani. Aliuliza, "Wewe bado unaosha pipeti mara tatu?" Pipeti ni mrija wa kupimia vimiminika maabara.

Nikacheka, halafu nikashangaa kwamba alikuwa ameona. Wengi wetu tulikuwa tunasuuza pipeti mara moja na kukimbilia chakula. Mimi nilikuwa nasuuza mara tatu, kwa woga zaidi kuliko bidii, na yeye alikuwa akisimama nyuma yangu akipumua kwa hasira kwa sababu namcheleweshea zamu. Hasira ile ndiyo iliyonipa kazi.

Jumatatu yake nilikuwa getini saa kumi na moja asubuhi. Tankeri inaingia, unachukua sampuli, unatumbukiza laktomita kuona kama kuna aliyeongeza maji. Kisha unachanganya maziwa na alkoholi kwa kipimo sawa ndani ya tyubu na kuiinamisha polepole kwenye mwanga. Ukiona chembechembe zimeshika ukutani, maziwa hayo yameanza kuchacha na hayaingii. Dereva ataanza kukuita mama, kisha dada, kisha atakuuliza kama unataka watoto wa wakulima walale njaa. Wiki ya kwanza yule dada alisimama kando yangu hadi nikajua kusema hapana bila kutetemeka. Hilo halikuwa kwenye kozi yoyote niliyosoma.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia chuo fulani kina mtandao mkubwa wa wahitimu, mimi nawazia ile meza. Anayekupendekeza kazini anaweka jina lake rehani. Mheshimiwa wa meza kuu hajui kama unaosha pipeti, na hata akikupenda, atakupa kadi ya msaidizi wake. Anayejua ni aliyekuona ukifanya kazi. Tena anayeambiwa na bosi "tutafutie mtu haraka" mara nyingi ni kijana aliyemaliza miaka miwili au mitano iliyopita, aliye bado ngazi ya chini. Mkurugenzi haambiwi.

Kwa hiyo nilipokalia kiti pale Migosi, jambo la kwanza nilimwita mtoto kutoka jikoni. Anataka ualimu, Kemia na Hisabati. Vizuri. Vyuo vyote viwili vinafundisha hilo, na TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, ikija kumsajili itaangalia alama zake za masomo hayo mawili kuanzia C+, haitaangalia fulana ya mjomba. Angekuwa anataka uhandisi ningemwambia aanze na Bodi ya Wahandisi: kozi inatambuliwa au haitambuliwi? Nchi hii imeshaona wahitimu wa uhandisi wakikataliwa usajili baada ya miaka mitano darasani. Uuguzi una baraza lake, sheria ina lake. Swali hilo linaulizwa kabla ya yote.

Mtu atasema ualimu hauhitaji kujuana, TSC inatangaza nafasi na kila mtu anahesabiwa alama zake. Ni kweli kiasi. Lakini kabla TSC haijakufikia unaweza kukaa miaka, na miaka hiyo watu hula kwa kufundisha kwa mkataba wa bodi ya shule. Kazi hizo hazitangazwi popote. Mwalimu wa Kemia akienda likizo ya uzazi, mwalimu mkuu huuliza kwenye chumba cha walimu, "Nani anajua mtu?" Hapo anatajwa yule aliyefanya mazoezi ya kufundisha vizuri, au yule mliyesoma naye aliyekuwa akiwaeleza wenzake hesabu za mole za Kemia hadi saa sita usiku.

Nikamuuliza mtoto kama anamjua yeyote aliyemaliza ualimu karibuni. Akasema hapana. Nikamwambia afikiri. Kumbe kidato cha tatu walifundishwa muhula mzima na mwalimu wa TP, yaani mwanafunzi wa chuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, na namba yake bado iko kwenye simu ya rafiki yake. Kufikia jioni alikuwa na namba nne, za vyuo vitatu. Mmoja hakujibu. Mmoja alituma sauti ya dakika sita, nusu yake akilalamikia kodi ya nyumba.

Niliwaambia waulizwe mambo machache. Alama zako zilitoka lini, na cheti ulikipata lini? Mazoezi ya kufundisha ulipelekwa wapi, na mhadhiri alikuja kukuangalia mara ngapi? Darasani mlikuwa wangapi, na maabara mlishika vifaa au mlitazama? Na lile ninaloliamini kuliko yote: nitajie wenzako watano wa darasani na uniambie leo wako wapi. Anayeweza kutaja watano bila kufikiri, huyu yuko Bungoma, yule anauza vitabu Kericho, mwingine bado anatafuta, huyo ametoka mahali ambapo watu walikaa wakajuana. Anayesema "tulipotezana" naye amekujibu.

Ndugu yangu hakupenda nilichosema kuhusu Jumamosi. Mtoto akirudi nyumbani kila wikendi atakula vizuri, lakini Jumamosi na Jumapili ndizo siku ambazo watu wa chuo hujuana. Na kuna jambo tunalokwepa kulisema: wengi wetu huenda chuoni, tunajiunga na chama cha watu wa kaunti yetu, tunapanga nyumba na watu wa kwetu, tunamaliza miaka minne tukijuana na watu ambao matanga yangetukutanisha nao bure. Yule dada wa maziwa ni wa Kinangop, huko Nyandarua. Mimi ni wa Ahero, huku Kisumu. Bila ile meza tusingesalimiana.

Hata hivyo sitajifanya pesa si kitu. Kama nauli na chumba cha mbali vitamfanya mtoto alale njaa au akose mitihani, chuo cha karibu kinashinda, na hoja zangu zote niziweke kando. Tulipiga hesabu hiyo nyuma ya bahasha, karo, mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, ukija na usipokuja, na ndugu yangu akanyamaza kwa mara ya kwanza.

Usiku ule mtoto alijaza fomu mwenyewe, chaguo la kwanza hadi la mwisho. Sitasema aliweka nini juu, kwa sababu baba yake na mjomba wake wote husoma ninayoandika hapa na mmoja wao bado anaamini alishinda.

Jana amenitumia ujumbe. Yule mwalimu wa TP ana mdogo wake anayesomea mambo ya chakula na amekosa pa kufanyia mafunzo ya kazini muhula huu. "Shangazi, nimpe namba yako?"

Nimemwambia ampe, lakini anipigie baada ya saa nne, tankeri zikiwa zimeondoka.