Kwa binti wa Sakina anayeuliza kama aache kwenda kanisani (jibu refu kidogo)

Mleta mada, uzi wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi dukani kabla wateja hawajaanza kuja. Kwa waliochelewa: binti ana miaka 27, anaishi Sakina, Arusha. Mama yake ana saratani, mdogo wake yuko chuo na ada inamwangalia yeye, kodi ya chumba imepita miezi miwili. Anasema akipiga magoti ni kama anaongea na bati la nyumba. Swali lake ni hili: kuendelea kwenda kanisani na kuimba kwaya wakati moyoni hamna kitu, si ni unafiki?

Wengi wamekujibu kwa aya. Marko 9:24 peke yake, ile ya "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", nimeihesabu mara sita hapo juu. Ni aya nzuri, sina ugomvi nayo. Ila yule aliyekuandikia kwamba Mkristo wa kweli hana mashaka, mwache apite. Yake bado hayajamfika.

Mimi nina miaka 54, nauza vipuri vya pikipiki Kiboriloni, hapa Moshi, na ni mhazini wa mtaa wetu wa KKKT (Kanisa la Kilutheri) tangu 2014. Mwaka mzima na zaidi nilikaa kwenye kiti hicho nahesabu sadaka za watu huku mwenyewe siamini. Nimekaa kimya kwenye mambo mengi humu jukwaani, ila hili nalijua.

Januari 2018 mke wangu aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi. Aprili tukampeleka Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, hospitali ya saratani ya Ocean Road, akawa anakaa kwa shemeji yangu Tabata. Mimi nikawa wa kupanda basi Ijumaa usiku na kurudi Jumapili usiku, watoto watatu nimemwachia dada yangu, duka nimemwachia kijana ambaye kila nikirudi hesabu zinapungua. Hela za kikoba zilikwisha. Nikauza pikipiki, halafu ng'ombe wa kijijini, halafu nikaanza kukopa kwa watu ambao ukiwaona mbali unavuka barabara.

Kulikuwa na kikundi cha maombi kilichokuwa kinatujia nyumbani. Walikuwa wanakiri kwamba ameshapona, na ukisema "anaumwa" wanakukemea, eti unakiri kushindwa. Halafu mtumishi mmoja, si wa kanisa letu, akanipigia simu akaniambia ndani ya nyumba yangu kuna mtu mwenye imani haba anayezuia uponyaji, na kwamba nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya laki tatu. Nilikuwa na laki mbili. Nikatuma hizo mbili. Nilizotuma zilikuwa nauli na dawa, na mpaka leo nikikumbuka namna nilivyobonyeza ile namba ya siri, mkono unakuwa wa baridi.

Mke wangu alifariki tarehe za mwanzo za Juni. Tukamrudisha Old Moshi, tukamzika kihambani, shambani kwetu nyumbani, nyuma ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walijaa. Mahubiri sikuyasikia.

Baada ya matanga sikukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Watu wanadhani imani inakatika kwa kishindo, unamtukana Mungu, unatupa Biblia. Mimi ilikuwa kama simu iliyoishiwa chaji. Naitazama, nabonyeza, giza. Nikisema "Baba yetu uliye mbinguni" nasikia sauti yangu tu, na sauti yenyewe inanichosha.

Mwezi wa nane nikaenda kwa mchungaji kuacha uhazini. Sikutaka kuigiza, kama wewe usivyotaka. Nikamwambia wazi: Mchungaji, mimi siamini tena, tafuteni mtu mwingine. Nilitegemea anishike kichwa aniombee, nilishajiandaa kuvumilia. Akaniuliza, "Mzee, ufunguo unao?"

Niwaeleze. Kasiki yetu ina kufuli tatu: funguo moja anakaa nayo mwinjilisti, moja mwenyekiti wa wazee, moja mimi. Asipokuwepo mmoja, haifunguki. Nikamwambia ninao. Akasema, "Basi Jumapili ulete, maana bila wewe hatuweki hela benki. Hayo ya kuamini, kwa sasa tuachie sisi." Akanisindikiza mpaka getini akaniulizia habari za bei ya matairi. Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo, nikaona hajanielewa.

Nikaendelea kwenda. Kwa ajili ya ufunguo tu. Naingia ibada ya pili ikiwa katikati, nakaa nyuma, sisali, siimbi. Ikiisha naingia ofisini kuhesabu.

Hapa naomba nichukue muda. Kama hujawahi kuhesabu sadaka hujui. Noti zinakuja zimekunjwa mpaka zinalingana na kidole, nyingine zina harufu ya dagaa, nyingine ya vitunguu, nyingine bado zina fundo la khanga. Bahasha za ahadi zina namba, kila muumini na yake, na mimi naandika daftarini namba na kiasi. Ya mke wangu ilikuwa 212. Jumapili moja ya Septemba nafungua bahasha, naandika, nafungua nyingine, naandika, mara nikakuta 212. Ndani elfu moja.

Nikadhani ni bahasha ya zamani imejichanganya. Jumapili iliyofuata, 212 tena. Elfu moja. Nikarudisha kurasa za daftari nyuma, na mwandiko ni wangu mwenyewe: Juni ipo, Julai ipo, Agosti ipo. Nilikuwa naziandika bila kuziona.

Ilinichukua wiki mbili kumpata anayezileta. Ni mama mmoja wa jumuiya yetu, kile kikundi cha waumini majirani, mtu mzima, anauza mnafu na mchicha soko la Mbuyuni. Bahasha yake mwenyewe huwa na sarafu ya mia tano. Nikamwuliza, mama, mbona unamtolea marehemu? Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. Akasema, "Baba, aliniachia zile bahasha siku anakwenda Dar. Akasema nimtolee mpaka arudi. Sasa hakurudi, ningefanyaje? Nimeendelea tu."

Sikuamini siku hiyo. Nataka hilo lieleweke, nisikuuzie ushuhuda wa Jumapili. Nilikwenda nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji, nikalia mara ya kwanza tangu mazishi. Basi. Lakini tangu siku hiyo nikaacha kujiuliza kila asubuhi kama imani ninayo au sina. Niliona kwamba kuna vitu vinaendelea kutolewa kwa jina letu na watu ambao hata hawakutuambia.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi, niko ofisini napanga risiti, chumba cha pili watoto wa kipaimara wanakaririshwa katekisimu. Ile ndogo ya Luther, ya 1529. Mimi mwenyewe niliikariri huko Old Moshi nikiwa na miaka 14, mwalimu kasimama na fimbo ya mti wa kahawa. Wakafika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, panapoanza kwa kusema ninaamini kwamba kwa akili zangu na nguvu zangu siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ndiye ameniita. Watoto wakakosea, mwalimu akawaanzisha upya. Wakakosea tena. Mara tatu nasikia ukutani watoto thelathini wanapiga kelele: siwezi kuamini, siwezi kuamini.

Binti yangu, nilicheka. Miaka yote nimelisema lile fungu, nimepigwa fimbo kwa ajili yake, na sikuwahi kusikia linasema nini. Maelezo yenyewe ya sehemu ile ya Imani yanaanza kwa mtu kukiri kwamba hawezi. Mimi nilikuwa najitoa kanisani kwa sababu ambayo kanisa limeiandika kwenye kitabu cha watoto.

Sasa nirudi kwako. Unaita kila kitu mashaka, na mimi nilifanya hivyo hivyo. Lakini ukikaa ukavitenganisha kama mchele na mawe, utakuta mengine si mashaka kabisa. Kuna kuchoka. Miezi ile nilikuwa nalala masaa mawili tu kwa usiku, nimepungua mpaka suruali inafungwa kwa kamba, na nilikuwa najiuliza maswali makubwa ya uwepo wa Mungu saa tisa usiku na tumbo tupu. Someni 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mti anaomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Maongezi na Mungu yalikuja siku arobaini baadaye.

Kuna na ugonjwa. Mimi dada yangu ndiye aliyenilazimisha kwenda kwa daktari, na daktari akaniambia hii ni sonona, ina matibabu. Niliona aibu, mzee wa kanisa naenda kitengo cha afya ya akili. Nilikunywa dawa miezi minane. Haikunirudishia imani, ilinirudishia usingizi, na mtu aliyelala anaweza angalau kujua anachokipinga. Kama asubuhi huoni sababu ya kuamka, usingoje mkesha wa maombi. Nenda hospitali wiki hii.

Na kuna mzigo ambao si wako peke yako ila umeubeba peke yako. Umesema mna ndugu wanne. Ada ya chuo inakuwaje juu ya mtoto wa tatu? Itisheni kikao, awepo baba mkubwa au mjomba ambaye watu wanamheshimu, kila mtu ataje anachoweza na kiandikwe. Watanuna. Na yale makundi ya michango ya harusi kwenye simu, jitoe leo. Mimi nilikuwa kwenye manne kwa wakati mmoja wakati mke wangu yuko kwenye mionzi, nachangia kadi za dabo za watu nisiowajua majina ya pili, kwa sababu naogopa kuonekana nimefulia. Nilikuwa nimefulia!

Ukishayatoa hayo, yatakayobaki ndiyo mashaka yenyewe, na hayo ninayaheshimu. Umeandika kwamba mwenzako kazini anakwambia dini hii ni ya wakoloni, na hukuwa na jibu. Hata mimi la kumaliza sina. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu wa Kichaga, palepale kwetu Old Moshi, inasemwa wakachukua na kichwa chake, na mpaka leo ukoo unakitafuta. Nchi ni moja iliyoleta kengele na kamba. Bibi yangu alikuwa anayajua yote mawili, na Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Nilipomwuliza alisema Yesu hakuwa Mjerumani, akaendelea kumenya ndizi. Labda kwako haitoshi. Kwangu siku nyingine inatosha, siku nyingine haitoshi.

Na kwa nini mke wangu alikufa na mama wa jirani aliyekuwa na ugonjwa uleule yupo anauza maandazi, sijui. Akinijia mtu na jibu la hilo, namwambia duka limefungwa.

Kuhusu unafiki. Mnafiki ni yule anayejifanya anacho ili apate sifa. Wewe unakwenda huna kitu, na umetuambia huna. Kwenye kwaya, mwambie mwalimu wako ukweli, kwamba kwa sasa mama anaumwa na wewe umechoka, unapumzika kuimba mbele. Hana haja ya kujua zaidi. Kisha kaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mahubiri yakiwa ya kukuambia upande mbegu, toka nje ukanunue maji. Jumuiya usiiache hata ukiacha mengine yote, kwa sababu ndio watakaokaa na mama yako siku wewe uko kazini, na uwaruhusu. Wape zamu. Waache waone vyombo havijaoshwa.

Ukishindwa kuomba kwa maneno yako, soma Zaburi ya 88. Ni fupi, na haigeuki mwishoni kuwa furaha, inaishia gizani. Nilikuwa naisoma kila usiku kwa sababu ilikuwa hainiongopei. Mtu aliyeiandika alikuwa kwenye hali ile na bado watu wakaiweka katikati ya nyimbo zao.

Kwangu ilirudi polepole, na haikurudi yote. Maombi yangu yamekuwa mafupi sana, watoto wananicheka. Kwenye mikesha siendi. Ila mwaka juzi kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, nilijikuta nashindana bei ya mkungu wa ndizi mshare na yule mama wa mnafu, nimepandisha mpaka elfu ishirini na tano, kanisa zima linapiga kelele, na katikati ya zile kelele nikasema "Asante" kimoyomoyo, halafu nikastuka nilikuwa namwambia nani. Mkungu aliuchukua yeye.

Ufunguo bado ninao. Jumapili iliyopita niliusahau kwenye suruali nyingine, watu wakanisubiri dakika arobaini, na mwinjilisti mpaka sasa hanisalimii vizuri.