Re: Mama na mama mdogo wote walipata kansa ya matiti, na mimi nikapime jeni?

Pole sana dada. Kama mama bado yupo mi ningeshauri aanze yeye kupimwa, maana wakikuta hitilafu kwake, tuseme kwenye BRCA1 au BRCA2 (jeni ambazo zikiwa na hitilafu zinaongeza hatari ya kansa ya matiti), wewe wanakutafutia hiyo hiyo na jibu linaeleweka, uwezekano wa kuirithi ni asilimia 50. Ukipima peke yako ukaambiwa hamna kitu bado utabaki na maswali. Kabla hujatoa damu kaa na mshauri wa jenetiki, umwambie nani aliugua na akiwa na umri gani, na upande wa baba usiuache jamani, wanaume nao wanairithisha. Na ukikutwa nayo haina maana una kansa, ila utaanza kuchekiwa mapema zaidi ya wengine.