Bei Iandikwe, Namba Zihifadhiwe: Kwa Wanaoanza Kuuza Mtandaoni

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia tena kurasa za wauzaji wapya wa mitandio, viatu vya mtumba na keki, na karibu kila picha imeandikwa "bei njoo DM". Inaniuma, kwa sababu mzigo ni mzuri na juhudi inaonekana.

1. Andikeni bei. Najua mnahofia kwamba jirani wa Kariakoo ataiona na kushusha yake kwa shilingi 500, lakini jirani huyo anaweza kuwaulizia kwa namba nyingine na mtamjibu kwa heshima zote. Anayepotea ni mteja aliye ndani ya daladala na bando linaloelekea kuisha, ambaye hana muda wa kusubiri jibu la bei ambayo huenda haimudu. Pamoja na bei, taja saizi zilizobaki, mahali ulipo na gharama ya bodaboda, au ya basi kwa mizigo ya mikoani.

2. Picha ipigwe mchana, mlangoni, na iwe ya mzigo ulio nao mkononi.

3. Lindeni akaunti. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kosa hili nimeliona likimliza binti mmoja muuza madera ambaye namheshimu kwa uchapakazi wake. Siku chache kabla ya Idi, oda zikiwa zimepamba moto, alipata ujumbe kutoka namba ya mteja wake wa siku nyingi: kuna tarakimu sita zimetumwa kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie. Alizirudisha kwa wema ule ule anaowahudumia watu, kumbe ndizo za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Muda si muda WhatsApp yake ikafungwa kwenye simu yake na kufunguliwa kwa mwizi, ambaye aliweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huidai akaunti inapofunguliwa upya, na ulinzi huo ukiwekwa na mwingine unaweza kukufungia nje kwa siku saba. Mwizi akaingia kwenye kundi la wateja na kutangaza ofa ya Idi kwa atakayelipa nusu mapema. Watu wakalipa, kwa kuwa walikuwa wamemzoea dada yao. Yeye hakuwa na namba zao popote pengine, wala daftarini wala kwenye laini, hivyo hakuwa na njia ya kuwaonya, na waliokuja kudai madera yao walisimama mbele ya mtu ambaye hakupokea hata shilingi moja. Nilikaa naye siku hiyo, na sitaki kumwona mwingine wenu akipitia hayo.

Wekeni uthibitisho wa hatua mbili leo, mkiambatanisha na barua pepe yenu, na msimtumie yeyote tarakimu za SMS, hata awe shangazi. Wazoesheni wateja kulipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara pekee, ili namba ya mgeni ikitajwa, jina lisilofahamika liwashtue kabla hawajabonyeza namba ya siri.

4. Mzigo hautoki kwa picha ya muamala. Hutoka baada ya kuangalia salio.

5. Msitegemee jukwaa moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, kuanzia jioni hadi usiku wa manane kwa saa zetu, na aliyekuwa na oda za kesho yake bila namba ya mteja hakuwa na la kufanya. Kila anayenunua, andikeni jina, namba, saizi na mtaa wake daftarini siku hiyo hiyo, na mwombeni naye aihifadhi namba yenu, kwa sababu orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp, inayochukua watu 256, huwafikia tu walioihifadhi namba ya mtumaji. Wengi wenu hulalamika kwamba matangazo hayajibiwi, kumbe hayajawahi kufika.