Barua Zenu: Wanafunzi Wangu Wote Huamka Asubuhi na Mapema

Shikamoo Bibi. Ninafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili hapa Ujiji. Nikiwaambia wanafunzi watunge hadithi, nusu yao wanaanza na "Siku moja niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikanywa chai." Nusu nyingine wanamleta sungura na fisi. Zote zinaishia "kumbe ilikuwa ndoto." Nimewapa mada za ajali, za tajiri mchoyo, hata za safari ya Dar es Salaam, ambako wengi wao hawajafika. Wapi! Niwape mawazo gani?
Mwalimu, Ujiji

Marahaba, mwanangu. Huo mswaki naujua. Nimesahihisha insha miaka 31, na kwa ushahidi wa madaftari, hakuna watoto wenye meno safi nchini kama wa Kigoma.

Mawazo usiwape. Waulize desturi. Nyumbani kwenu kuna jambo gani halifanyiki kamwe, au hufanyika vilevile kila siku? Kisha siku moja livunje. Mimi sijapata njia nyingine inayomwingiza mtoto kwenye hadithi upesi hivyo.

Niliigundua kwa bahati. Mwaka mmoja nilichoka, nikafunga kitabu nikawauliza tu: wenye baba au kaka wavuvi, kitu gani wavuvi hawafanyi? Kijana mmoja wa nyuma kabisa, asiyenyoosha mkono hata akiitwa kula, akasema: "Hawaendi ziwani mbalamwezi." Nikamwambia simama utufundishe. Akaeleza vizuri kuliko mimi ambavyo ningeeleza: dagaa hufuata mwanga wa taa, ndiyo maana usiku wa giza ziwa linawaka kama mji. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kila mahali, dagaa hawakusanyiki, taa inakuwa haina kazi. Siku hizo mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na wanaume wanashinda nyumbani wakigombana kuhusu madeni. (Hilo la madeni aliliongeza mwenyewe. Darasa lilicheka, kwa hiyo ni kweli.)

Nikaandika ubaoni: Ni usiku wa mwezi mpevu. Mitumbwi yote iko ufukweni Kibirizi. Mbali ziwani kuna taa moja.

Basi nikakaa pembeni. Mmoja akasema ni mwizi wa nyavu. Mwingine, ni watu wanatafuta maiti. Mwingine, ni magendo kutoka Kongo. Walipotulia, yule kijana akasema taratibu: "Ni baba. Ameaga kwamba anakwenda kazini." Siku ile hakuna daftari lililopiga mswaki.

Kwa darasa kubwa fanya hivi. Kila mtoto aandike sentensi moja, bila jina: "Kwetu hakuna anaye..." au "Kila siku fulani hu..." Zikusanye, chagua tano, soma. Utashangaa. Mmoja aliniandikia kuhusu mama mmoja sokoni Mwanga ambaye kisado chake cha dagaa hukisawazisha kwa kiganja, punje isizidi. Tukamwacha siku moja ampimie mteja kisado chenye kichuguu, halafu akatae hela. Mteja huyo ni nani? Tulibishana hadi kengele ya kurudi nyumbani.

Na mna Liemba, mwanangu, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, mnaiacha kwa walimu wa historia! Wanafunzi wako wanajua miaka tu: imeundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaja vipandevipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakijiandaa kukimbia waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi ndiyo hadithi. Nani anapaka mafuta kitu anachokizamisha? Anayetumaini kurudi. Waulize: ukiambiwa leo usiku tunahama, utaficha nini, wapi, na utakipaka nini kisioze?

Hapo kuwa mwangalifu. Huu ni mkoa wa watu waliovuka ziwa na mipaka, na huenda mtoto mmoja darasani kwako aliwahi kulijibu swali hilo kwa kweli, usiku, akiwa amebebwa mgongoni. Ruhusu kila mmoja ampe mtu mwingine jibu lake: mfinyanzi, mchuuzi wa mawese, hata mbuzi. Na usisome ya mtu kwa sauti kabla hajakubali.

Sungura usimfukuze. Naye anaweza kwenda ziwani mbalamwezi, tuone atatoa sababu gani. Ndoto ndiyo nimeipiga marufuku bila huruma: anayemaliza kwa "kumbe ilikuwa ndoto" anarudishiwa daftari aamke, aendelee. Na kalamu nyekundu iache mfukoni mara ya kwanza. Ukimzungushia mtoto "h" iliyosahaulika wakati anakueleza baba yake alikuwa ziwani na nani, hatakueleza tena.

Bibi, mimi nipo darasa la saba. Mama anasema kutunga hadithi ni kusema uongo na nitazoea. Ni kweli?
Mwanafunzi, Kasulu

Mjukuu wangu, mwongo hatangulii kukuambia kwamba anadanganya. Wewe ukisema "Hadithi, hadithi!" na mama akaitikia "Hadithi njoo!", mmeshakubaliana. Msomee ya kwako jioni akiwa anachambua dagaa. Mikono ikiwa na kazi hataweza kukunyang'anya daftari, na dagaa wa Kigoma ni wadogo, utafika mwisho.